Kukataliwa Pasipo Sababu

Mtu aliyekataliwa akaambiwa sababu ana kitu mkononi. Aweza kurekebisha, aweza kubisha, na kama hana la kubisha aweza kwenda kwingine. Aliyekataliwa pasipo sababu huachwa palepale alipokuwa, tena ameongezewa mzigo wa kubahatisha. Nimeyafikiri haya mara nyingi, kwa kuwa kazi inayonipa chakula imenilazimu kuyafikiri.

Watu wa posta walilijua jambo hili zamani. Umoja wa Posta Ulimwenguni, ulioundwa mjini Bern mwaka 1874, umeweka kibandiko kidogo kwa barua inayorudishwa nchi ilikotoka. Katika hesabu ya fomu zao huitwa CN 15. Juu yake zimechapwa sababu chache, kila moja na kisanduku chake: mwenyewe hajulikani, amekataa kupokea, amehama, anwani haitoshi, haikuja kuchukuliwa. Karani hatungi insha. Hutia alama mahali pamoja, akabandika, akairudisha barua safarini. Mwenye barua akiipata tena mkononi huhuzunika, walakini ajua la kufanya: ikiwa rafiki amehama atauliza alikohamia, na ikiwa anwani haitoshi ataongeza namba ya sanduku. Sijapata kuona kitu cha bei ndogo kuliko kibandiko hicho kinachookoa taabu nyingi namna ile.

Kazi yangu mimi ni ya barua pia, ijapokuwa barua zenyewe hazina karatasi wala stempu. Natunza programu za kompyuta katika ofisi inayowalipa wakulima wa korosho fedha zao kwa njia ya simu, katika wilaya moja ya kusini mwa Tanzania. Korosho zikishapimwa na kuuzwa mnadani, orodha ya malipo huandikwa ghalani: jina la mkulima, uzito, kiasi cha fedha, namba ya simu ya kulipia. Maandishi hayo hayaendi moja kwa moja kwa programu inayolipa. Kama yangekwenda hivyo, siku ambayo programu ile imelala au mtandao umekatika, kazi yote ya ghalani ingesimama. Kwa hiyo kati ya mpelekaji na mpokeaji amewekwa tarishi. Tarishi huyu naye ni programu. Huzipokea barua, huzipanga foleni, na kumpa mpokeaji moja baada ya moja kadiri anavyoweza kuzishika. Mpokeaji akiimaliza barua hutoa neno la kuithibitisha, nayo hufutwa katika foleni.

Tarishi wetu huitwa RabbitMQ. Alitoka mara ya kwanza mwaka 2007, na lugha anayosema huitwa AMQP, ambayo mwanzo wake ulikuwa London mwaka 2003, katika benki ya JPMorgan Chase, kwa juhudi ya John O'Hara. Benki zilikuwa zimechoka kununua matarishi ya gharama kubwa ambayo hayakuweza kusemezana yenyewe kwa yenyewe, zikataka lugha moja iliyo wazi kwa kila mtu.

Barua isiyoweza kupokelewa haitupwi. Huwekwa kando katika foleni nyingine, ambayo mafundi huiita foleni ya barua mfu. Jina hilo wamelitoa posta. Marekani ilikuwa na ofisi ya barua mfu tangu mwaka 1825, ambamo makarani walizifungua barua zilizokosa mwenyewe wakatafuta ndani yake jina au mahali pa kuziokoa. Mafundi wa kompyuta walichukua jina la posta, wakachukua sanduku la posta, wakakisahau kibandiko.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 nilizikuta barua 41 katika sanduku letu. Nilizifungua. Kila moja ilikuwa nzima: jina lipo, uzito upo, fedha zimejumlishwa sawasawa. Nilizilinganisha na barua zilizopita salama siku ileile, nisione tofauti. Tarishi huandika juu ya bahasha ya barua mfu mambo kadhaa: ilitoka foleni gani, ilikufa saa ngapi, imekufa mara ngapi, na kwa sababu gani. Neno hilo sababu hufurahisha moyo wa fundi alionapo mara ya kwanza. Lakini sababu anazozijua tarishi ni nne tu. Barua imekataliwa na mpokeaji. Au muda wake umepita. Au foleni imejaa. Au imepelekwa mara nyingi kupita kiwango. Barua zetu zote 41 zilikuwa na neno moja, kwamba zimekataliwa. Ni sawasawa na kumwuliza mtu fulani amekufa kwa nini, naye akajibu kuwa amefariki.

Nisimwonee tarishi. Amri ambayo mpokeaji humpa anapoikataa barua ina nafasi mbili tu: namba ya barua, na jibu la ndiyo au siyo kama irudishwe katika foleni. Hapana mahali pa kuandika hata neno moja la sababu, na tarishi hawezi kubandika asichopewa. Katika toleo la 1.0 la lugha hiyo nafasi ya kulieleza kosa imewekwa, lakini sisi tulikuwa tukitumia toleo lililotangulia. Matarishi wengine wana desturi nyingine. Yule wa Amazon aitwaye SQS huhesabu tu: barua ikichukuliwa mara kadhaa zilizowekwa pasipo kuthibitishwa, huhamishwa katika foleni ya barua mfu, wala haulizwi mtu kwa nini. Tena huko barua haikai zaidi ya siku 14, na katika foleni zake za kawaida siku hizo huhesabiwa tangu barua ilipotumwa mara ya kwanza, wala si tangu ilipokufa. Mwenye kuchelewa kulifungua sanduku hukuta kaburi tupu. Yule wa Microsoft, Azure Service Bus, ana sehemu mbili maalumu, moja ya sababu na moja ya maelezo, nami namsifu kwa hilo. Walakini mpokeaji asipozijaza, na barua ikashindwa mara 10 ambazo ndizo desturi yake, tarishi hujaza mwenyewe kwamba majaribio yamezidi. Hesabu imewekwa mahali pa sababu, na msomaji mwenye haraka hudhani ameelezwa.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja aliyekuwa amevaa kofia ya mkono na koti la zamani. Alikuwa ameketi katika benchi la nje tangu asubuhi.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mfumo umenikataa."

"Hukukataliwa wewe, mzee. Ni malipo yako yaliyokwama."

"Malipo ni yangu, na korosho zilikuwa zangu. Umekataa nini kwangu? Kama ni uzito, na tupime tena. Kama ni namba, simu hii hapa. Niambie kimoja, mwanangu, nikirekebishe."

Sikuwa na kimoja cha kumwambia. Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni mwezi wa Januari, na orodha ya vitu ilikuwa katika mfuko wa koti: sare, godoro, madaftari, ndoo. Alinionyesha. Hakuja kugomba. Alikuja kwa adabu ya mtu aliyezoea kwamba shauri lake likielezwa vizuri litasikilizwa, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko matusi ya wengine waliokuja kabla yake. Watu wa dirishani walikuwa na jibu moja kwa wote, "mfumo umekataa", wala siwalaumu. Ndilo jibu walilopewa. Lakini nachukia neno mfumo linapotumiwa hivyo. Limekuwa pazia. Nyuma yake pana mtu aliyeandika mstari wa programu, na mtu mwingine aliyeukagua, na mwingine aliyeulipia, na yule anayeulizwa dirishani hamwoni hata mmoja wao.

Mpokeaji wetu alikuwa na daftari lake la matukio, kama programu zote za namna hiyo. Kampuni iliyomtengeneza ilikuwa imemaliza mkataba wake kabla mimi sijaajiriwa. Iliamuru kwamba kosa likitokea, la aina yoyote, uandikwe mstari mmoja wa kusema kuwa barua imeshindikana kushughulikiwa, kisha barua ikataliwe. Hapana budi nieleze kwamba kosa katika programu aghalabu huja limevaa nguo juu ya nguo. La ndani kabisa ndilo lenye habari. Linalofuata husema kuwa kazi fulani imeshindwa kwa ajili ya lile la ndani, na la nje husema tu kwamba mpokeaji ameshindwa. Daftari letu lilikuwa limehifadhi kanzu ya nje likauacha mwili.

Hata mstari huo mmoja haukupatikana kwa urahisi. Karani wa ghala aliniambia kwamba barua ya yule mzee ilikwenda saa nne asubuhi. Kompyuta ya ghalani, inayofuata saa za Afrika Mashariki, iliandika 10:00. Daftari la mpokeaji, linalofuata saa ya kimataifa, liliandika 07:00. Fundi wa nchi nyingine tuliyemwomba msaada kwa simu, asiyeijua hesabu yetu ya saa, alitafuta penye 04:00 akatujibu kuwa saa hiyo hapakutokea neno lolote. Tukio moja lilikuwa na saa tatu, zote za kweli. Na daftari lenyewe lilikuwa likijifuta kila baada ya siku saba ili lisijaze diski, hata barua za kwanza katika zile 41 zilikuwa zimekwisha kupoteza shahidi wao.

Nilipokosa habari katika maandishi niliamua kulirudia tukio lenyewe. Nilitwaa nakala ya barua moja, nikaipeleka kwa mpokeaji aliyewekwa katika kompyuta ya majaribio isiyoweza kulipa fedha, nikaondoa kwanza ile sehemu iliyomeza makosa. Ilikuwa usiku, ofisi kimya. Barua iliingia, mpokeaji akaanguka, na safari hii alianguka akisema yote: herufi ya tatu ya jina la mkulima haiwezi kuandikwa katika jedwali la herufi linalotumika.

Niliitazama herufi ya tatu. Ilikuwa ritifaa.

Msomaji wa Kiswahili ajua kazi ya ritifaa. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, katika kusanifisha maandishi yetu, ilikubali kwamba sauti ya kwanza ya neno ng'ombe iandikwe hivyo, ili isichanganywe na sauti ya kwanza ya neno ngoma. Nayo si pambo. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kutoa mti pamoja na mizizi yake. Majina mengi ya watu wa kusini, kama ya watu wa sehemu nyingine nyingi za nchi, yana sauti hiyo, na kwa hiyo yana ritifaa.

Ritifaa ya mashine ya chapa ilikuwa imesimama wima, nayo ipo katika kila jedwali la herufi la kompyuta tangu mwanzo. Lakini simu za siku hizi zina adabu ya wachapaji wa vitabu. Nyingine hubadili ritifaa iliyosimama zikaweka iliyopinda. Kwa macho ya binadamu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizo na undugu: ile iliyosimama huchukua baiti moja, na ile iliyopinda, katika maandishi ya UTF-8 yanayotumiwa karibu kila mahali leo, huchukua baiti tatu. Mpokeaji wetu alikuwa akinakili majina katika jedwali la ISO 8859-1, lililotolewa mwaka 1987 kwa ajili ya lugha za Ulaya ya Magharibi, na ritifaa iliyopinda haimo kabisa katika jedwali hilo. Asubuhi nilimpigia karani wa ghala. Naam, alisema, walikuwa wamepewa simu mpya mwezi wa Novemba. Nilimwomba aniandikie neno ng'ambo kwa simu hiyo, akaliandika, nayo ritifaa ikaja imepinda kama mundu.

Basi mzee yule alikuwa ameuliza swali lenye jibu. Jina lake ndilo lililokataliwa.

Ofisini pakatokea shauri. Mkubwa wetu, mtu mwema mwenye haraka, alitaka ritifaa ziondolewe katika majina yote ili fedha zitoke siku ileile. Nilimpinga kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kazi: kabla ya kulipa, programu hulinganisha jina la mkulima na jina lililoandikishwa katika laini ya simu, na tangu mwaka 2019 laini zetu huandikishwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Jina lililokatwa lisingelingana na jina kamili, na barua zingerudi kufa kwa ugonjwa mwingine. Ya pili sikuisema kwa urefu, kwa kuwa haikuwa ya kiufundi. Mtu amepewa jina na baba yake. Kompyuta iliyonunuliwa kumtumikia haina haki ya kulikata. Mkubwa alikubali ile ya kwanza, nayo ilitosha.

Dawa ya ritifaa ilikuwa nyepesi. Mahali pawili katika programu palibadilishwa ili mpokeaji atumie UTF-8, na kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Kazi ya kibandiko ndiyo iliyochukua wiki mbili, na hiyo ndiyo niliyoitaka. Ritifaa ilikuwa kosa la mwaka ule tu, na mwaka mwingine lingekuja jingine.

Kwa kuwa amri ya kukataa haina nafasi ya sababu, mpokeaji wetu sasa haitumii. Akishindwa, huandika barua mpya yenye maneno yaleyale ya ile ya kwanza, huongeza juu ya bahasha sababu ya kushindwa, huipeleka mwenyewe katika sanduku la barua mfu, na akishahakikishiwa na tarishi kuwa imefika ndipo anapoithibitisha ile ya kwanza ili ifutwe. Utaratibu huu haugeuzwi. Akithibitisha kwanza kisha umeme ukakatika, barua imepotea na mkulima hana hata kaburi. Akipeleka kwanza kisha umeme ukakatika, patakuwa na nakala mbili, na nakala mbili ni usumbufu unaovumilika, maadamu kila barua ina namba yake na programu hukataa kulipa namba moja mara mbili.

Palikuwa na hatari ndogo ambayo wengi hawaifikiri. Sababu yenyewe yaweza kuwa ndefu kupita bahasha. Kosa la programu likiandikwa lote, na kila nguo lililovaa, hufika kurasa kadhaa, ilhali maandishi yote ya juu ya bahasha hayana budi kuingia katika fungu moja ambalo RabbitMQ, kwa desturi yake, halipitishi zaidi ya baiti 131072. Sababu ikizidi hapo, barua ya kueleza kushindwa nayo hushindwa. Kwa hiyo tunakata, na tunakata kutoka nje kuja ndani, ili lile kosa la ndani kabisa libaki zima. Hatari ya pili ni ya siri za watu. Makosa hupenda kunukuu kilichoyaudhi, na kilichoyaudhi huenda ni namba ya simu ya mtu pamoja na kiasi cha fedha zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana hapo, nayo inatubana kwa haki. Kibandiko chetu hutaja sehemu yenye kasoro na namna ya kasoro, wala hakitaji kilichomo.

Mwisho niliketi na karani wa dirishani, mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, tukaitafsiri kila sababu katika maneno ya kumwambia mkulima. Yeye ndiye aliyeongoza. Nilipopendekeza "data batili" aliniuliza kama ningethubutu kumwambia mama yangu mzazi maneno hayo. Tukaandika: namba ya simu imepungua, jina halilingani na la laini, benki haikujibu, tutajaribu tena wenyewe, usirudi kesho. Hilo la mwisho alilitaka yeye, kwa sababu watu walikuwa wakilipa nauli kuja kuuliza habari ya makosa yanayojiponya yenyewe.

Zile barua 41 tulizirudisha katika foleni jioni moja, baada ya ritifaa kurekebishwa na kibandiko kuwekwa. Arobaini zilipita kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaandika haya, na ya yule mzee ilikuwa mojawapo. Moja ilikataliwa tena. Mama wa dirishani aliifungua mbele yangu akasoma juu yake: namba ya simu ina tarakimu tisa. Hakuniuliza neno. Alichukua jina la mkulima na la chama chake cha msingi, akapanda bodaboda, na baadaye alirudi na tarakimu ya kumi, imeandikwa kwa kalamu katika kiganja cha mkono.